Katuni ya mgao wa maji: nirekebishe nini kabla haijatoka?

KalamuYaTabata:

Wakuu, salaam. Naomba macho ya watu wanaoijua kazi hii.

Nina katuni ya fremu moja, nyeusi na nyeupe, kuhusu mgao wa maji Dar. Kiongozi amesimama mbele ya bomba jipya, anakata utepe wenye rangi za bendera ya taifa. Nyuma yake kuna foleni ya ndoo za lita 20. Mama mmoja amefudikiza ndoo yake na linadondoka tone moja tu, na hilo tone ndilo pekee lenye rangi, bluu. Kiputo cha kiongozi kinasema: "Maji sasa yapo ya kutosha nchi nzima." Sura yake ni ya mtu anayejulikana, hata mtoto wa darasa la tatu atamtaja.

Nataka itoke Instagram, kwenye chaneli ya WhatsApp, na gazetini ikikubaliwa. Baadaye nafikiria kuifanya katuni inayotembea, ya sekunde 20 hivi, yenye sauti. Kitu gani humo ndani kinaweza kuleta kesi kweli, na kipi ni woga tu? Leseni ya maudhui inahitajika? Na faili liandaliweje ili lisivujishe yasiyohitajika, wala lisiharibikie mtamboni? Ushauri wa "achana na siasa, chora mapenzi" naomba mniwie radhi, siuhitaji. Nataka itoke na ibaki imetoka.

---

WakiliWaIlala:

Mkuu, umefanya vizuri kuleta mchoro wenyewe, maana sheria husomwa juu ya kitu kilichopo.

Hatari kubwa humo ni kiputo. Wengi huhangaika na sura, kumbe maneno ndiyo yenye mtego. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu taarifa za uongo au za kupotosha zinazowekwa mtandaoni, na kinataja waziwazi picha, maandishi na alama. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sasa jiulize: huyo kiongozi aliwahi kusema "Maji sasa yapo ya kutosha nchi nzima"? Kama hakusema, umemwekea mtu halisi, mwenye sura inayotambulika, maneno yanayofanana kabisa na kauli ya mkutano wa hadhara. Mwendesha mashtaka hatahangaika na mchoro, atasoma kiputo tu.

Una njia mbili safi. Ya kwanza ni kutumia maneno yake halisi, neno kwa neno, na ndani ya fremu uandike kwa herufi ndogo tarehe na mahali alipoyasema. Ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa katuni hii, ni kumnyamazisha. Mkasi na utepe vimeshasema. Kama lazima mtu aongee, aongee mama mwenye ndoo, ambaye ni mtu wa kubuni. Njia ambayo haifai ni kuyatia chumvi maneno ya kweli kidogo tu. Msomaji atadhani ni nukuu, na wewe huna pa kuegemea.

La pili ni utepe. Toa rangi za bendera. Kuna Sheria ya Nembo za Taifa, na shtaka la nembo hushika kirahisi kwa sababu halihitaji mjadala wa nia wala maoni. Aseem Trivedi wa India alikamatwa Mumbai Septemba 2012 kwa katuni zilizogeuza nembo ya taifa. Shtaka la uchochezi liliondolewa ndani ya wiki chache baada ya makelele ya umma, lakini lile la kudhalilisha nembo halikuondoka nalo. Utepe mweupe unakatika vilevile.

Kuhusu uchochezi: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kifungu cha 52, ina tafsiri pana mno, na tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilisema kifungu hicho na vingine kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Jua hukumu hiyo, ila usilalie masikio yote mawili, kwa sababu kilicho karibu nawe zaidi kimo ndani ya kifungu chenyewe. Kinasema si uchochezi kuonyesha kwamba serikali imepotoshwa au imekosea katika hatua zake, wala kuonyesha kasoro zake. Kwa hiyo katuni yako ionyeshe *hatua*: bomba lililozinduliwa na maji yasiyotoka. Ukianza kumchora kiongozi na mwili wa aibu, au ukaingiza dini yake au familia yake, umetoka nje ya kinga hiyo na hukuongeza hoja yoyote kuhusu maji.

Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana yao ya magazeti, Na. 5 ya 1988. Kuchora sura ya kiongozi, kwa kitendo hicho peke yake, si kosa. Hapo ndipo penye woga tu.

Leseni: kanuni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipe jumla ya shilingi milioni 2.1 mwaka wa kwanza, yaani laki 1 ya maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 ya ada ya mwaka. Kanuni zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, na sasa mkazo uko kwa wanaotoa habari na matukio. Soma jedwali linalotumika siku unayoanza. Ukurasa unaojiita "Habari za Leo" na kuchanganya katuni na taarifa za asubuhi unajiweka wenyewe kwenye kundi la vyombo vya habari. Ukurasa wenye jina la mchoraji, wenye michoro tu, una hoja nzuri ya kujitetea. Nasema hoja, sijasema kinga.

---

MezaYaUkurasaWaMaoni:

Naunga mkono hapo juu, ila naomba niongeze upande ambao wachoraji wengi hawauoni. Ukiangalia yaliyotokea kwetu, mara nyingi katuni haishtakiwi kama katuni. Kinachopigwa ni usajili au leseni ya aliyeichapisha.

Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kuuzwa Tanzania muda mfupi baada ya katuni ya Gado iliyomchora Rais Kikwete. Sababu rasmi? Gazeti halikuwa limesajiliwa nchini. Lilikuwa limeuzwa hapa kwa takriban miaka 20. Gado, Mtanzania aliyekuwa akichorea Nation ya Kenya, kampuni iliyotoa gazeti hilo, tangu 1992, aliondoka kwenye kampuni hiyo 2016. Aprili 2020 Mwananchi walifungiwa leseni ya mtandaoni kwa miezi 6 na kutozwa faini ya milioni 5, na kilichowaponza ni picha ya rais akiwa sokoni kununua samaki, picha ya zamani iliyowekwa wakati wa korona. Kisha Oktoba 2024, The Citizen wakaweka katuni inayotembea: mwanamke anayefanana na Rais Samia anabadilisha chaneli za televisheni, na kila chaneli watu wanalia juu ya ndugu waliopotea au kuuawa. Iliondolewa haraka, lakini tarehe 2 Oktoba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikasitisha kwa siku 30 leseni za maudhui mtandaoni za kampuni nzima, Mwananchi na Mwanaspoti humo humo. Gazeti la michezo halikuwa limechora kitu.

Inauma sana, na ndiyo hali ambayo mhariri anakaa nayo anapoangalia mchoro wako. Anapima mistari yako dhidi ya leseni inayohuishwa kila mwaka na mishahara ya chumba kizima cha habari. Kwa hiyo usimpelekee picha peke yake. Mpelekee na karatasi moja ya ushahidi:

– tangazo la mgao la mamlaka ya maji, lenye tarehe, limehifadhiwa kama picha na kama kiungo;
– taarifa ya uzinduzi wa bomba: siku, mahali, gharama iliyotangazwa;
– picha mbili tatu ulizotumia kuchorea, kila moja na tarehe iliyopigwa.

Hiyo ya mwisho msiipuuze. Kesi ya samaki ya 2020 ilisimama juu ya tarehe ya picha. Ukichora foleni ya ndoo kutoka picha ya kiangazi cha miaka mitatu nyuma, na wiki hii maji yanatoka, katuni nzuri inageuka kuwa upotoshaji.

Kwenye makubaliano na gazeti, hata kama ni ya barua pepe tu, weka mambo matatu: hakuna kubadilisha maneno wala kukata fremu bila idhini yako; hakimiliki inabaki kwako baada ya kuchapishwa mara moja; na ikikataliwa baada ya kukamilika, unalipwa sehemu ya ujira. La kwanza ndilo linalokulinda kisheria. Dawati la kurasa likibanwa na tangazo usiku hukata upande mmoja wa mchoro. Ukatwe upande wa mama na ndoo, anabaki kiongozi na mkasi peke yake, na maana inakuwa kitu ambacho hukukichora.

Uhuishaji wenye sauti, kwa maoni yangu, usiutoe kwa sasa, au uutoe bila sauti ya kuigiza. Katuni tuli inasomeka mara moja kuwa ni maoni. Video ya sekunde 20 yenye sauti inayoiga ya kiongozi hukatwa vipande, kipande cha sekunde 6 kikasambaa bila jina lako wala kichwa, na anayekiona anadhani ni tukio. Ukifanya lazima, weka neno KATUNI kwenye kila fremu, si mwanzoni tu.

---

WinoMkavu:

Nijibu ya ufundi, maana hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapofia.

Chora mara mbili ya ukubwa utakaochapwa, usizidi hapo. Gazetini safu tatu ni kama sentimita 15, kwa hiyo chora upana wa sentimita 30, inaingia vizuri kwenye A3. Mstari mwembamba kuliko wote, ukishapunguzwa, usiwe chini ya milimita 0.25. Chini ya hapo karatasi ya gazeti inaumeza. Maana yake kwenye karatasi yako kalamu ya 0.5 ndiyo mwisho, ya 0.1 iache nyumbani.

Usitumie kijivu kwa vivuli. Karatasi ya gazeti inanyonya wino, kila nukta inanenepa kwa kiasi cha robo hivi, na kijivu cha asilimia 40 kinatoka tope. Tumia mistari ya kukatiza. Skani kwa 600 dpi (nukta kwa inchi) kama mistari mitupu, nyeusi au nyeupe, bila kijivu katikati.

Hilo tone la bluu ni roho ya katuni yako, na ndilo litakaloharibika usipojihadhari. Mtambo unachapa rangi nne kwa zamu, na karatasi ikisogea hata nusu milimita, bluu iliyochanganywa kwa sayani na majenta inatoka na kivuli pembeni. Lipe tone sayani, yaani bluu ya mtambo, peke yake, asilimia 100, bila rangi nyingine. Sahani moja haina cha kupishana nacho. Usilizungushie mstari mweusi pia, liache lielee. Maandishi nayo yawe nyeusi tupu, K 100. Nyeusi ya rangi nne kwenye herufi ndogo inatoka na ukungu.

Mtandaoni: Instagram pikseli 1080 kwa 1350, mambo muhimu yakae katikati maana gridi inakata pembezoni. Jaribio la haraka: punguza mchoro mpaka upana wa sentimita 5 kwenye simu, mpe mtu asiyejua habari hiyo. Asipoliona tone ndani ya sekunde tatu, livimbishe.

Saini, tarehe na neno "katuni" viwe *ndani* ya mchoro, vikigusana na kitu. Yaandike kwenye ukingo wa bomba au ubavuni mwa ndoo. Ukiviweka pembeni kwenye weupe, mtu atavikata kwa kidole kimoja, na kuanzia hapo mchoro wako unazunguka bila siku ya kuzaliwa.

Kuhusu faili kuvujisha: picha iliyopigwa kwa simu inabeba aina ya simu, saa, na mara nyingi mahali ulipokuwa. Programu ya kuchorea nayo huandika jina la akaunti yako. Toa nakala ya PNG au JPEG bila taarifa hizo, kisha ifungue kwenye sifa za faili uhakikishe. WhatsApp ukituma kama picha huondoa sehemu kubwa ya taarifa, ukituma kama *dokumenti* faili linakwenda lilivyo. Usimtumie mtu faili lenye leya, yaani tabaka za mchoro. Rasimu ya kwanza yenye kile kiputo unaweza kuwa umeificha tu, na mpokeaji akibonyeza jicho dogo la leya inarudi. Na kama programu inarekodi hatua za uchoraji, zima.

Kuhusu sura: usimkuze pua wala midomo. Mtafutie *kitu*. Zapiro wa Afrika Kusini alimchora Zuma na bomba la kuogea kichwani kwa miaka mingi, na lilishika kwa sababu Zuma mwenyewe alizungumzia kuoga akiwa mahakamani 2006. Zuma alimshtaki Zapiro kwa katuni nyingine ya 2008, na mwaka 2012 akaondoa madai. Gado alimchora Uhuru Kenyatta akiburuta tufe la chuma na mnyororo, wakati kesi yake ya ICC, mahakama ya jinai ya kimataifa, ilikuwa ya wazi kwa dunia nzima. Alama iliyofungwa kwenye jambo la kumbukumbu haihitaji matusi. Wako ana mkasi. Mpe mkasi mkubwa kuliko bomba, na kila katuni ya uzinduzi arudi nao.

Halafu mfikirie shahidi. Masoud Kipanya ana yule panya wake, anaonekana tu pembeni na macho ya msomaji yanamfuata. Wako ni mama mwenye ndoo. Usimpe maneno mengi.

---

KalamuYaTabata:

Ahsanteni sana, wakuu. Nimebadilisha hivi: utepe mweupe, kiongozi kanyamaza, mkasi umefika magotini kwake. Mama ndiye anayeongea, maneno matatu: "Mmekata tena, baba." Msomaji achague mwenyewe ni utepe au ni maji. Tarehe ya uzinduzi imekaa kwenye bomba, saini ubavuni mwa ndoo. Uhuishaji nimeuweka kando.

Swali la mwisho, na hili halimo kwenye vitabu vya sheria: usalama wa mwili. Optatus Fwema alikamatwa Dar Septemba 2021 baada ya kuweka katuni Instagram. Mtu ajipange vipi siku ya kutoa?

---

Vibonzo254:

Hayo maneno matatu ni moto, ndugu yangu.

Sisi Kenya makaratasi yako vizuri: Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa kujieleza, na Februari 2017 Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa, kifungu cha 194. Hayo hayakumzuia Kibet Bull, aliyekuwa akitengeneza picha za kivuli za Rais Ruto, kutekwa Desemba 2024, mwezi uleule aliotekwa nduguye. Aliachiliwa tarehe 6 Januari 2025. Hakuna hati ya mashtaka iliyotangulia, kwa hiyo wakili peke yake hakutosha. Kilichosaidia ni watu waliogundua mapema kwamba hayupo wakapaza sauti.

Kwa hivyo jipangie ugunduzi wa mapema. Chagua watu wawili, mmoja asiwe wa nyumbani kwako. Kwa siku tatu baada ya kutoa, unawatumia neno moja mliloelewana saa 2 asubuhi na saa 3 usiku. Neno lisipokuja kwa saa mbili, wanapiga simu kwa wakili na kwa shirika, bila kukusubiri. Kwenu kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi, THRDC. Ongea nao *kabla*, wakujue kwa jina. Nambari za wakili ziandike kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Zima kufungua simu kwa kidole na uso, weka nambari ya siri ya tarakimu nyingi. Mchoro wa asili wa karatasi usilale kwako usiku huo. Na usiweke katuni ukiwa njiani peke yako. Ipangie saa itoke yenyewe ukiwa mahali penye watu.

---

WakiliWaIlala:

Nyongeza mbili fupi. Ukikamatwa Tanzania Bara, sheria ya mwenendo wa jinai inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hujapewa dhamana, kwa hiyo watu wako waandike saa kamili uliyochukuliwa, kituo, na waliokuwepo. Maombi ya kulazimisha mtu aletwe mahakamani huanzia kwenye saa hiyo. Usitoe maelezo ya maandishi kabla wakili hajafika. Jina na anwani vinatosha.

La pili, VPN. X (Twitter ya zamani) ilifungwa nchini Mei 2025, na wengi wanazunguka kwa VPN, njia ya kuficha ulipo mtandaoni, bila kujua kwamba Oktoba 2023 TCRA iliagiza matumizi ya VPN yasajiliwe. Ukiweka katuni kupitia VPN isiyosajiliwa, unaweza kushinda hoja ya mchoro ukabanwa na hiyo. Instagram na chaneli ya WhatsApp zinakutosha kwa hii.

Ukiambiwa uiondoe, omba barua inayotaja kifungu, piga picha ya ukurasa pamoja na tarehe na idadi ya walioona, ndipo uamue. Ukifuta kwanza, hata ushahidi wa kwamba ilikuwepo bila kile kiputo unakuwa umeufuta.